Helmeti Mbili za Kwenda Naitiri

Naitiri, 12 Januari 2025

Kwa Baba Nangila, mkwe wangu,

Bwana asifiwe huko Kitale. Barua hii inakuja ndani ya gunia tupu la Agneta wa viazi, kwa hivyo ukiikuta na vumbi usidhani imetupwa njiani. Agneta amenicheka tena, ati mama, si umpigie huyo mkwe simu mambo yaishe. Nimemwambia kwetu mkwe hanong'onezwi sikioni. Miaka yote hii tangu umwoe binti yangu sijakupa mkono wala hujaniona nikila, leo sauti yako iniingie sikioni kama mbu? Karatasi ina heshima yake.

Huku tuko wazima kwa neema. Mahindi yamepukuchuliwa, ng'ombe wa shemeji yako Hillary amezaa, na ndama ni jike. Kanisa letu limepata mlango lakini halina bawaba, na hapo ndipo ninapoingilia jambo langu.

Unakumbuka marehemu baba yake Hillary aliacha ile mashine ya kuchomelea, nzito ya kubebwa na watu wawili. Ilikaa ghalani chini ya turubai tangu tumzike. Mwaka jana nikaona, Edinah, unaogopa nini? Nikamwita kijana wa stima, ikawaka. Mungu anisamehe, nimeipenda. Sio kazi, ni Jumamosi tu baada ya kufua: bawaba, stuli, tundu la kuku. Lakini siku hizi hata nikiwa kwenye maombi ya akina mama vidole vinanicheza. Nikiona chuma kimelala barabarani nakiokota kama mtoto.

Shida ni macho. Ngao ya mkono ya marehemu ina kioo cheusi tititi. Ukikiweka usoni huoni chochote mpaka moto uwake, ukikiondoa uone rodi ya kuchomelea iko wapi, moto ushakupiga. Mara mbili nimelala na vipande vya viazi machoni, ni kama mtu amenitia mchanga. Nasikia kuna helmeti ya kuvaa kichwani, kioo chake unaonea chuma vizuri, halafu moto ukiwaka kinajitia giza chenyewe. Niulizie madukani. Usinitafutie ile ya mafundi wa kila siku, mimi ni fundi wa Jumamosi. Iwe ya bei ninayoweza kuitaja kwenye ushuhuda bila kuona haya.

Kama zipo, nataka mbili. Kuna mtu ananishikia chuma nikichomelea, na nimechoka kumfunga leso usoni.

Salimia wote waliomo nyumbani mwako.

Ni mimi mama yako,
Edinah


Kitale, 26 Januari 2025

Mpendwa Mama,

Barua ilinifikia shuleni ninakotunza stoo, nikaisomea humo katikati ya magunia ya maharagwe, nikafurahi. Pole kwa macho. Huku hatujambo. Nangila amerudi bweni, na mwalimu wake anasema akiacha mdomo atafika mbali. Binti yako Mary Ann hajambo na anakusalimu sana. Ninapoandika hapa yuko jikoni anachemsha chai.

Mama, nimezunguka. Nilianza duka la vifaa karibu na soko, anauza dada mmoja anaitwa Wamboi, mpole lakini haraka kama moto wa mabua. Akanitolea tatu. Ya kwanza ni kioo kile kile cheusi cha kawaida kimetiwa kofia, nikaikataa. Ya tatu ni ya watu wa viwanda, bei yake ni ng'ombe mwenye maziwa. Ya katikati ndiyo inajitia giza, bei yake ni mbuzi dume, tena si yule mkubwa. Nikaona hii ndiyo ya Mama.

Nikasema niijaribu kwanza. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika helmeti kwenye kioo chake kabisa. Kioo kikabaki vile vile. Nikamulika tena karibu. Wapi. Nikamwambia Wamboi, dada, hii ni feki, unataka kumpofusha mama wa watu. Alikasirika, mimi nikaenda duka la pili, nikajaribu na tochi, ikawa vile vile. La tatu vile vile. Nimewaambia mafundi wawili na mchungaji kwamba mji huu wote umejaa helmeti feki.

Kuna swali lingine na unisamehe kwa kuliuliza. Dada yule aliniuliza huyo mama kichwa chake ni kikubwa au kidogo, na kama anavaa miwani, kwa sababu zingine ndani hazina nafasi ya miwani. Miaka hii yote nikija kwako natazama chini au natazama ukuta. Namjua Mama kwa sauti na kwa viatu. Sasa nitampimia mtu kichwa ambacho sijawahi kukitazama?

Na huyo anayekushikia chuma pia sijui kichwa chake.

Mwana wako,
Wabwile


Naitiri, 9 Februari 2025

Kwa Baba Nangila,

Nakusalimu katika jina lake yeye asiyesinzia. Mvua imenyunyiza kidogo ikakimbia. Ndama anaendelea vizuri. Mchungaji wetu amehamishwa Tongaren na tumelia.

Ulinitumia salamu za Mary Ann, ukasema yuko jikoni anachemsha chai. Nimezipokea. Nikazipeleka jikoni kwangu, nikamkuta anasonga ugali, nikamwambia mume wako anasema unanisalimu. Mwiko ukasimama. Halafu akasema, "Mwambie na mimi nimesikia hajambo," akaendelea kusonga.

Kwa hivyo tusichoshane. Alifika hapa mwanzo wa mwaka na begi moja, akasema amekuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Mahindi yameisha na begi bado halijafunguliwa upande mmoja. Ndiye ananishikia chuma. Sikuulizi kitu, mambo ya nyumba yako hayawezi kusafiri juu ya viazi vya watu. Nakuambia tu ujue ninamfunga nani leso.

Sasa vichwa. Nimekata nyuzi mbili, utazikuta ndani ya bahasha. Uzi mweusi ni wangu, nimeuzungusha juu ya masikio mpaka ukakutana. Ule mwekundu wa sufu ni wake, na umezidi kwa ajili ya nywele, kwa maana amesukwa. Alikataa kupimwa. Nikamwambia ni amri ya daktari wa macho. Akauliza daktari gani, nikamwambia mume wako. Hapo alicheka kidogo, halafu siku hiyo yote akawa anazunguka uani anahamisha vitu ambavyo havikuwa na shida pale vilipokuwa.

Mimi navaa miwani ya kusomea. Bila hiyo rodi na kidole changu ni kitu kimoja. Yeye havai.

Kuhusu feki sijui. Mji mzima, Baba Nangila?

Ni mimi,
Edinah


Kitale, 2 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Nisamehe kwa kukawia. Agneta alikuja mara tatu nikamwambia bado. Aliniambia kijeuri, "Mzee, viazi vinaoza, barua haziozi, lakini yako imeanza kunuka."

Sijui niseme nini juu ya ile chai. Niliandika uongo kwa mkono huu ninaoshikia Biblia. Nilifikiri nikiandika yuko jikoni, labda nikigeuka nitamkuta. Nyuzi zimefika. Ule mwekundu niliujua kabla sijasoma.

Nianze na lililo jepesi. Kuna fundi hapa nyuma ya soko anaitwa Wanyoike, amechomelea karibu mageti yote ya Kitale. Nilimpelekea kesi yangu ya feki na zile nyuzi zangu mbili. Alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi wa gesi. Kwanza nyuzi: akanionyesha helmeti ina mshipi ndani na kifundo nyuma ya kisogo, unakizungusha kulia inabana, kushoto inalegea, inakaa kichwa chochote alichoumba Mungu. Halafu tochi: kumbe tochi ya simu haina ule mwanga wa joto ambao helmeti inauhisi. Akachukua rimoti ya televisheni ya kibanda jirani, akaielekeza kwenye vile vijicho vya mbele vinavyohisi moto, akabonyeza. Kioo kikafumba kama mtu aliyekonyeza. Akanitoa nje, akaigeuza juani, ikafumba tena. Nimerudi kwa Wamboi kuomba radhi. Aliniambia nikawaombe radhi pia wale wawili na mchungaji. Nimewaomba.

Wanyoike anasema kwa mtu wa Jumamosi usilipe namba ambazo hutazitumia. Iwe na giza la kubadilishwa kutoka tisa mpaka kumi na tatu, kwa rodi nyembamba zako kumi au kumi na moja inatosha. Vijicho vya mbele viwili vinatosha ukifanyia kazi mezani, vinne ni kwa wale wanaoingia chini ya malori. Betri iwe ya kubadilishwa, kwa sababu zile za jua peke yake zikifa zimekufa na helmeti yote. Namba za kiwango cha ubora ziwe zimechapwa kwenye kioo chenyewe, boksi hata yeye anaweza kuchapisha. Na iwe na nafasi ya miwani yako. Kisha akaniambia kitu ambacho nimekiweka: kioo cha kweli, hata kikichelewa kufumba, ile miale mibaya isiyoonekana kinaizuia wakati wote. Kinachokupata ni kushtuka tu.

Sasa lililo zito. Mama, hili usilisome jikoni.

Lilikuwa koti la baba yangu. Unajua kwetu tulipomaliza matanga nguo ziligawanywa, mimi kama mkubwa nikapewa koti. Sikulivaa, lilinipwaya. Lilining'inia nyuma ya mlango miaka kumi. Novemba kanisa likaomba nguo za watu waliofukuzwa na maji. Mary Ann akakusanya, akatia na koti. Hakukusudia ubaya, alifikiri halina kazi. Nilirudi nikaona msumari mtupu.

Ningesema nini? Limepewa Mungu. Mzee wa kanisa mzima nimgombeze mke kwa sababu ya sadaka? Nikanyamaza. Nikasema nitanyamaza mpaka ipite. Lakini Mama, kunyamaza si mlango unaofungwa mara moja tu. Kesho yake nilikuta umekuwa mzito zaidi. Wiki ikapita. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa chakula mezani, halafu nakila bila kumwambia aliyekipika hata neno. Aliniuliza nimekosa nini, nikasema hakuna kitu. Mpaka akasema anakuja kupukuchua mahindi.

Sasa nazungukazunguka nyumba hii. Nimeosha sufuria ambazo hazikutumika. Wewe nakuandikia mengi kwa maana karatasi haina macho.

Mwana wako,
Wabwile


Naitiri, 16 Machi 2025

Kwa Baba Nangila,

Bwana ni mwema. Tumepanda upande wa chini, upande wa juu tunangoja mvua ijue nia yake.

Ulisema nisisome jikoni. Sikusoma jikoni. Nilisimama nje mlangoni, nikasoma kwa sauti kubwa kama mtu asiyejua kusoma kimya. Unikasirikie ukitaka.

Mary Ann, aliyekuwa humo jikoni, aliacha kazi yote. Nilipofika kwenye ule msumari mtupu alitoka akaja kuchungulia karatasi, nafikiri alitaka kuona kama kweli ni mwandiko wako. Akasema, "Kumbe ana maneno." Halafu baadaye, tukiwa tunalisha kuku, "Kwa nini wewe anakupa na mimi hanipi?" Wewe unalo jibu?

Na mimi nikuambie kuhusu koti. Baba yake Hillary aliacha la kwake pia, lile zito la kaki la kuchomelea, kwa sababu nguo ya nailoni huliwa na cheche mara moja. Nalivaa nikichomelea. Lina matundu kama chujio la chai. Mwanzo kila tundu lilinichoma moyo. Siku hizi nikiona tundu jipya namwambia marehemu, unaona, bado tunafanya kazi. Sisemi lako lilikuwa jambo dogo. Nasema ungelivaa.

Nimeridhika na helmeti ya bei ya mbuzi. Nunua mbili, hela nimempa Agneta. Lakini Agneta hatazibeba. Kioo hakikai chini ya viazi. Utazileta wewe mwenyewe, na ukija utakuja pia kwa lile lingine. Unajua desturi: mwanamume ambaye mke wake yuko kwao anakuja, anaketi mbele ya Hillary na baba zake wadogo, anasema kwa mdomo wake. Mimi sitakuwepo, mama mkwe haketi penye maneno hayo. Nitatokea mlango wa nyuma kama kawaida.

Njoo kabla ya palizi. Amefungua ule upande wa pili wa begi, na sijui kama hiyo ni habari njema kwako au mbaya.

Edinah


Kitale, 13 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Neema iwe nanyi. Mvua hapa imeshika. Shuleni tunahesabu stoo, na Kwaresima pia ina mikutano mingi, na mimi kidogo nilikuwa na mafua.

Nimenunua. Ni nyeusi zote mbili, yako ina nafasi ya miwani. Yake nimeijaribu kichwani mwangu nikalegeza kifundo kufuata ule uzi, ingawa Wanyoike alisema haina haja. Nimezifunga kwa blanketi, nikatia kwenye boksi, nikamwambia Agneta ziende mbele kwa dereva, zisichanganywe na viazi. Ameapa.

Kabla ya kuanza ionyeshe jua kwanza uone inafumba. Kioo cha nje cha plastiki kikijaa cheche unakibadilisha, nimetia vitano. Anayeshika chuma asiivue kwa sababu yeye hachomelei, moto haumwulizi mtu kazi yake.

Mama, usinihesabu mwoga. Nimevaa shati la kuja huko mara mbili, nikafika mpaka getini kwangu. Nitaketi mbele ya Hillary na wale wazee, wote wananitazama mdomo. Nikiwa stoo peke yangu nayasema yote, hata magunia yamechoka. Nikifikiria macho ya watu, maneno yanapotea. Na wewe ambaye ningeweza kukuambia, desturi inakutoa mlango wa nyuma.

Mwambie Mary Ann helmeti yake ndiyo iliyo na utepe mwekundu.

Wabwile


Naitiri, Jumapili ya Pasaka 2025

Kwa Baba Nangila,

Amefufuka.

Boksi lako nimelirudisha na Agneta kama lilivyokuja. Sijalifungua. Mary Ann aliuona utepe mwekundu ukichungulia kwenye mwanya wa boksi, akauliza, "Na mwenyewe?" Agneta akasema mwenyewe ana mafua. Mary Ann akarudi shambani bila kugusa kitu.

Jana nilichomelea bawaba ya pili nikitumia ngao ya marehemu. Usiku huu nina viazi machoni, na barua hii ninaiandika kwa kupapasa. Sikuambii ili uone huruma.

Edinah


Naitiri, 18 Mei 2025

Kwa Baba Nangila, mwanangu,

Barua hii haiji na Agneta. Aliyekupa mkononi unamjua.

Kuna mambo ya Jumamosi ile lazima niyaandike, kwa sababu wewe ulikuwa ndani yake na huenda hukuyaona. Ulikuja bila taarifa. Hillary na wazee walikuwa mazishini Saboti, hakuna mtu wa kukupokea. Nilikuwa ghalani na koti la kaki, bawaba ya tatu imebanwa mezani, Mary Ann ameshika upande wake. Nikaviona viatu vyako mlangoni na boksi juu yake. Nikatafuta mlango wa nyuma, na ghala, kama unavyojua, lina mlango mmoja tu.

Wewe ukatazama ukuta. Mimi nikatazama ukuta. Tungekuwa pale mpaka sasa.

Ni Mary Ann aliyekupokonya boksi. Hakukusalimu. Alizifungua zote mbili, akazielekeza juani moja moja kama ulivyoandika, akaziona zikifumba. Yangu akanivika mwenyewe, akakaza kifundo. Halafu akaniambia, "Mama, sasa huna uso. Kaa." Akakugeukia wewe. "Unaona uso wa mama mkwe wako hapa?"

Ulisema, "Sioni."

"Basi sema."

Akavaa ya kwake.

Nimecheka siku nyingi nikikumbuka, wewe peke yako umebaki na uso kati ya wanawake wawili wenye vichwa vya plastiki. Lakini siku hiyo sikucheka. Nikuambie ukweli, nilikutazama. Nisamehe, ndiyo mara ya kwanza. Kutoka nje helmeti ni nyeusi, lakini ndani, kama hakuna moto, unaona kila kitu, kijani kidogo kama uko chini ya mgomba. Una kovu juu ya jicho la kushoto ambalo hakuna aliyeniambia. Una mvi. Nimekuwa na mkwe miaka kumi na tisa na sikujua ana mvi.

Midomo yako ilicheza muda mrefu bila kitu. Nilijua umeshindwa. Nikawa naomba ndani ya ile helmeti mpaka kioo kikapata mvuke. Halafu ukasema, polepole, kwa ule ukuta, "Lilikuwa bado lina harufu yake."

Ukasema tena, "Nilikuwa nikirudi jioni nalipitia pale mlangoni. Basi. Hiyo tu."

Mary Ann akakuambia, "Ungeniambia Novemba, ningelifuata mpaka kanisani nikalitoa ndani ya gunia mbele ya wazee wote."

"Niliona nitakuwa nimemnyima Mungu."

"Mungu ana makoti mengi, Wabwile. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye."

Hapo ukafanya kitu ambacho sikukitarajia kwa mzee wa kanisa, ukaja ukashika ule upande wa chuma alioacha, kwa mikono mitupu, ukageuzia uso ukutani ukafumba macho, ukasema, "Mama, malizia." Nikaona huyu mtu atapofuka kwa aibu. Nikasema hakuna mtu anashika chuma hapa bila helmeti. Mary Ann akavua yake akakuvika. Mimi nikagusa rodi, kioo kikafumba, kikafumbuka, na bawaba ya tatu ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Mlango wa kanisa unafunguka kwa kidole.

Uliondoka peke yako na sikukuuliza kitu. Yeye pia sikumwuliza. Alipalilia mistari yote iliyobaki, akafua, akafunga begi pande zote mbili. Hillary na wazee nimewaambia umekuja na umesema, na aliyesikia alikuwa na masikio mazima. Wamenung'unika kidogo kuhusu kuku wao wa desturi. Utamleta siku nyingine.

Helmeti yangu inabaki hapa. Ya pili nimemwambia aje nayo. Mimi nitamtafuta mtu mwingine wa kushika chuma, nikimpata nitamnunulia ya kwake. Hii ni ya nyumba yenu. Kukiwa na kimya tena huko, aliyenyamaza ndiye avae.

Mama yako,
Edinah


Kitale, 1 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Salamu kutoka nyumba yenye watu. Hii ya leo unaweza kuamini, yuko jikoni kweli, na amesema nikuandikie kwamba sukari ya huku ni ghali kuliko ya huko.

Alifika Alhamisi, akatua begi, akaitundika helmeti kwenye ule msumari nyuma ya mlango. Hakusema ni kwa nini. Mimi pia sikuuliza. Nikafurahi, nikachinja kuku, nikamwambia pole na safari. Ijumaa ikaenda vizuri. Tukapiga simu bweni, Nangila akaongea mpaka hela zikaisha.

Jumamosi jioni alichukua Biblia yangu tufanye maombi. Ikafunguka yenyewe kwenye Zaburi ya thelathini na tisa, ile ya mtu aliyefunga kinywa, na ule uzi mwekundu ukamwangukia mapajani. Akauliza, "Huu si wangu?" Nikasema ni wake. Akauliza unafanya nini hapo.

Mama, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Februari. Nilihisi mdomo unashikamana, kile kitu cha Novemba kinarudi kukaa kwenye kiti chake. Nikasema, "Hakuna kitu."

Akainuka, akaenda nyuma ya mlango. Nikadhani anafuata begi. Akarudi na helmeti. Akanivika kichwani, akazungusha kifundo kulia mpaka ikakaa, akaketi mbele yangu na chai yake.

Ulisema kweli, ndani ni kijani. Nilimwona wazi, na yeye hanioni. Nikaanza na uzi. Nikamwambia niliupima mkononi, nikaupima kwenye mto wake. Nikamwambia kuhusu koti tena, lakini vizuri, na kuhusu baba, na vitu vingine ambavyo sitaviandika hata kwako. Nikamwambia nilikuwa naosha sufuria safi. Sauti yangu ilikuwa inanirudia humo ndani kama ya mtu mwingine, nikawa namsikiliza. Chai yake ikaota utando.

Niliponyamaza, akagonga kioo kwa kucha.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Sasa vua," akasema. "Hiyo iliyobaki niambie nikikuona."

Nikavua.

Mwana wako,
Wabwile